Chachu ya Eliufoo

Siku hizi kila nyumba ina chachu yake ya pombe, yenye ladha isiyofanana na nyingine, nayo huishi kwa pumzi ya mtu mmoja tu. Mtu huyo asipolala karibu nayo, inakufa kabla pombe haijaiva. Ya kwa Ndeshi ilifungwa kwa pumzi ya mumewe, kwa hiyo kila Eliufoo anapokwenda Singida kufunga mitambo ya umeme wa jua, pipa lao hukaa tupu.

Ndiyo maana kikombe cha nne kilimshangaza Ndeshi. Alikuwa mwonjaji katika mashindano ya mbege, pombe ya ndizi, pale Marangu, na vikombe havikuwa na majina. Akaonja tena. Karafuu kwa mbali, kisha ukakasi kidogo nyuma ya ulimi. Ilikuwa ladha ya nyumbani kwake, na mwezi huu hakupika, maana Eliufoo alimuaga kuwa anakwenda Singida.

"Mama Aneth, umeking'ang'ania kama mtoto na titi," akatania Mzee Lyimo, mwonjaji mwenzake. "Ni nzuri au mbaya?"

Ndeshi akamweka vizuri Aneth, mwanawe aliyelala mgongoni. Huenda ulimi umekosea, alijiambia. Huenda karafuu ni karafuu tu. Alitamani sana iwe hivyo.

Kwa desturi yao, walioshindwa huondoka bila kutajwa. Mshindi peke yake ndiye huitwa mbele, yeye na watu wa nyumbani kwake, wapigiwe makofi.

"Imezipita zote," akasema taratibu. "Mpeni ushindi. Waje tuwaone."

Nyuma ya ukumbi, kiti kikasogezwa.