Umeamkaje?

Kitulizo cha Mwanaidi kiliharibika usingizini, na kwa mara ya kwanza tangu utotoni akaamka akiwa peke yake kichwani. Kila mtu mjini alikuwa nacho, punje ndogo nyuma ya sikio, iliyomeza huzuni na hasira kabla hazijafika moyoni, na kumjibia mtu salamu.

Jikoni, akikoroga uji, akakumbuka kwamba mama yake alifariki mwezi uliopita. Akakumbuka pia kwamba siku ya maziko aliomba aongezewe pilau.

Mwiko ukamponyoka.

Mumewe, Kombo, akaingia akitabasamu. "Umeamkaje, mke wangu?"

"Nimeamka vibaya! Tumemzika mama yangu kama tunatupa takataka! Hakuna aliyelia, hata mimi niliyetoka tumboni mwake! Watu gani sisi, Kombo?"

"Alhamdulillahi," akajibu Kombo, maana kitulizo chake kilijua jibu hilo moja tu. "Nami salama."

Mwanaidi akamkamata mabega, akamtikisa. "Nijibu wewe, si hicho kidude! Mama alikuwa akikuita mwanangu!"

Midomo ya Kombo ikatetemeka. Machozi yakamlengalenga, kisha punje ikalia kidogo nyuma ya sikio, na macho yakakauka.

"Uji unaungua," akasema kwa upole. "Kitulizo changu kimeshawaita mafundi, watakuwekea kipya."

"Hodi, hodi!" sauti za uchangamfu zikaita nje.

Mwanaidi akaukimbilia mlango, akauegemea kwa mgongo, akaanza kulia kwa sauti, harakaharaka, amlilie mama yake kabla hawajaingia.