Goti la Bi Mize

Kabla ya upasuaji, Bi Mize alifanya mazoezi ya mapaja kitandani kila siku, akiweka nadhiri kwamba safari yake ya kwanza itakuwa kaburini kwa mumewe. Sasa kidonda kimepona na uvimbe umekwisha. Lakini kwa sheria, goti la bandia la mzee humtii mtoto aliyemdhamini hospitali, kwa amri ya simu yake. Kila akifika kizingitini, linakakamaa.

"Raya, mwanangu, nifungulie goti. Nazuru kaburi la baba yako, nirudi."

"Utaanguka, mama," binti akajibu, macho kwenye simu. "Mbona wewe ulikuwa ukinifunga kwa kanga kwenye mguu wa kitanda, nisitambae jikoni?"

"Nikishapika, nilikuwa nakufungua."

"Basi mimi bado napika," akasema Raya, na jiko lilikuwa baridi.