Nungunungu na Hodi ya Mgodini

Jamani, yalitokea kaskazini kwenye barafu, ambako wanyama waliishi na kuchimba makaa ndani ya mlima mmoja. Desturi yao, kabla ya kupiga sururu, mchimbaji abishe hodi ukutani, kisha asubiri.

Nungunungu hakuwa na subira. "Babu Fuko, jiwe litaitikia? Wanangu wanaganda!"

"Bisha hodi, mjukuu wangu. Wazee hawakuwa wajinga."

"Wazee hawakuwa na haraka!"

Akapiga sururu kwa nguvu zote. Ukuta ukatoboka, mvuke wa uji ukampiga usoni. Lahaula! Kumbe handaki limetokea jikoni kwake, na ncha ya sururu imekata miiba utosini mwa kitindamimba wake.

Upepo wa barafu ukaingia kwa tundu lile kutoka handakini, ukazima moto.

"Baba," mtoto akasema akitetemeka, "ungebisha hodi, tungekuitikia."