Mlio wa Saba

Siku hizi mlio ukishasajiliwa katika Hazina ya Milio huondolewa vichwani mwa watu, ili midomo isije ikauharibu. Msajili tu ndiye huachiwa, naye akiutoa hadharani hufungwa. Mwanaheri, mtafiti wa siwa, lile baragumu kuu la harusi, alikwishasajili milio kumi na tisa. Wa ishirini ulikuwa jikoni kwao: mama yake hakuni nazi bila kuuimba.

"Bila huo hupati shahada," Profesa Athmani alimwambia.

"Basi nisipate." Akaandika mbele yake kwamba haukupatikana, akatia sahihi, akarudi nyumbani.

Mama alikuwa juu ya mbuzi, anakuna nazi, anaimba ule ule. Mwanaheri akaketi kuusikiliza.

"Huu si kitu," mama akasema. "Kulikuwa na mwingine, nilioingizwa nao nyumbani kwa baba yako. Tangu mwaka jana nautafuta, siupati."

Ulikuwa wa saba, ambao Mwanaheri aliusajili mwaka jana. Akainuka, akafunga mlango, akafunga na madirisha, akauimba wote bila kuruka mahali.

Mama alisikiliza, kifuu mkononi.

"Mtamu, mwanangu," akasema. "Lakini sio huo."