Punje Vidoleni

Siwatu hakuwa na mume wa kumkanya, hakuwa na gundi ya bahasha, wala hakuwa tena na sehemu kubwa ya tumbo, maana daktari aliikata wiki mbili nyuma ili apungue unene. Uchu tu haukukatwa.

Jirani yake, Mwanahawa, alimwekea sahani ya wali wa nazi.

"Shoga, tonge moja tu! Mshono gani unaoogopa wali?"

Siwatu alichota tonge. Aliambiwa akila chakula kigumu mshono utafumuka afe, na punje zilikwisha kuwa vidoleni mwake.

Kwa mkono wa pili akaandika: "Daktari, nirudishe wodini. Sijiamini."

Akaitia barua katika bahasha, akazisaga zile punje ukingoni mwake ziwe gundi, akaifunga.

"Ipeleke sasa hivi. Na sahani yako ondoka nayo."

Mwanahawa akatoka. Vidole vya Siwatu vilibaki hewani, vikinukia nazi.