Makro ya Moyo

Sheria ilikataza mtu kuandika programu kwa mkono. Mhandisi aliandika makro tu, kiolezo kifupi ambacho mashine ilikitumia kuzalisha programu za mioyo yote ya bandia mjini.

Mwanakombo alikuwa mhandisi wa mioyo hiyo. Mumewe, Shekue, alipoanza kuzimia kila akiinama, Mwanakombo aliikagua programu ya moyo wake wa bandia akaona mstari unaopunguza mapigo ovyo.

"Si uufute?" Shekue aliuliza.

"Siwezi kugusa wako peke yake. Nikibadilisha makro, nimebadilisha ya wote."

"Itawadhuru?"

"Sijui, baba Rehema. Wengine huenda mstari huo ndio unaowaweka hai."

Kesho yake asubuhi Shekue alianguka jikoni, midomo imebadilika rangi. Mwanakombo aliufuta mstari kwenye makro, mashine ikazalisha upya programu zote. Mumewe akavuta pumzi, akaomba maji.

Alikuwa akimnywesha waliposikia kilio kwa jirani yao, Bi Salome, mwenye moyo wa bandia kama wa Shekue. Kikafuata kingine ng'ambo ya barabara.

"Urudishe ule mstari, mama Rehema," Shekue akasema polepole.

Mwanakombo aliweka kikombe chini, akaenda kufunga dirisha.