Mlango wa Kushoto

Ermes alitaka mlango mmoja tu. Gari lilikuwa limevuliwa lote, boneti huku, viti kule, na yeye, mzee wa miaka themanini na mbili, alisimama mbele ya Tiziana akisema kwamba mlango wa kushoto ataufungua mwenyewe, tena peke yake.

"Mzee Ermes, umestaafu tangu mimi niko shule," Tiziana alisema. "Wenzako saa hizi wamefunga mikono mgongoni, wanawafundisha vibarua wa barabara kuchimba shimo. Nenda ukawasaidie."

"Nimetoka huko. Shimo lao limepinda."

Tiziana akacheka. Karakana hiyo, nje kidogo ya Modena, aliirithi kwa wazazi wake, na sasa alikuwa akiyafufua magari yaleyale waliyoyaunda wao. Hili lililetwa jana kutoka kwenye ghala la nyasi: gari la michezo la kijivu, lisilo na paa, kuku walikuwa wakitaga kwenye viti vyake.

"Huo mlango una nini?"

"Bati lake nililigonga mimi, mwaka sitini na tatu. Sitaki aliguse mwingine."

Ilikuwa kweli, ila haikuwa kweli yote.

Siku zile Ermes aligonga bati katika karakana hiyohiyo, na Dirce, aliyekuja kuwa mama yake Tiziana, alishona ngozi meza ya pili. Ermes aliweza kulikunja bati kwa jicho tu, lakini mbele ya Dirce ulimi ulimganda. Basi Jumanne moja alichukua penseli akaandika upande wa ndani wa mlango, pale ambapo angepaona mvika ngozi peke yake: *Dirce, nataka kukuoa. Nijibu kabla ya Jumapili. Ermes.* Akampelekea mlango.

Kwa kawaida mlango ulirudi kwa mgonga bati mara ya mwisho, ngozi ikiwa imeshikizwa tu, ili apime kitasa kabla ya misumari kupigiliwa. Huo haukurudi. Mwenye gari alifika siku mbili kabla ya ahadi, bosi wa wakati huo akapigilia misumari mwenyewe haraka haraka, na gari likaondoka na jua la Aprili. Ermes hakulijali. Yeye alikuwa akingoja neno kutoka mdomoni mwa Dirce, na neno halikuja. Jumatatu Dirce alipita karibu yake bila kumtupia jicho. Mwaka uliofuata akaolewa na fundi injini.

Ermes hakuoa. Aliumia, tena aliumia miaka sitini, akifanya kazi hatua kumi kutoka kwa mwanamke aliyemwona hafai hata kuambiwa hapana. Dirce alipofariki mwezi Februari, alisimama nyuma kabisa kanisani na kuondoka kabla ya watu kupeana mikono. Na sasa gari limerudi. Kesho au keshokutwa Tiziana angeufungua mlango ule, asome jinsi mzee huyu alivyompenda mama yake na jinsi mama alivyomdharau. Aibu hiyo Ermes hakuwa na nguvu ya kuibeba. Mfukoni alikuwa na msasa.

"Haya, mlango ni wako," Tiziana alisema, akimmiminia kahawa. "Mama angefurahi kuliona hili. Kila likiletwa gari la wazi la kijivu, lazima aulize namba ya bodi."

"Aliuliza?"

"Mpaka mwaka jana. Nikimuuliza anatafuta nini, ananiambia nikamenye vitunguu."

Ermes aliipuliza kahawa ingawa ilishapoa. Alitaka kunicheka mara ya pili, aliwaza, na moyo ukamuuma upya kama wa kijana.

"Alikuwa na vituko vyake," Tiziana aliendelea. "Unajua sisi hatujawahi kula tortellini Jumapili? Mtaa mzima unakunja vipande vya unga na nyama ndani, sisi tunapika wali. Eti alipokuwa msichana, yeye na bibi walimkunjia mtu meza nzima, wakavaa na nguo za kanisani, wakakaa. Mtu hakutokea."

"Mjinga huyo mtu."

"Hata mimi nilisema hivyohivyo. Akanikemea."

Simu ikaita ofisini, Tiziana akatoka. Ermes aliufunga mlango wa karakana. Aling'oa misumari mmoja mmoja, akaivua ngozi nzima nzima na kuilaza mezani bila kuigeuza, maana macho yake yalikuwa kwenye bati. Penseli haikufutika. Mwandiko ulikuwa wa kijana anayebonyeza sana. Aliyasoma maneno yake mara moja, akatoa msasa.

Hakuchukua muda. Jina lake liliondoka kwanza, halafu Jumapili, halafu Dirce. Bati liling'aa tupu, na Ermes akajikuta anapumua vizuri. Hakuna atakayejua tena. Alikaa kwenye kigoda, akajifuta vumbi mikononi, akamwita Tiziana aje kuchukua mlango wake.

Akimngoja, aliigeuza ile ngozi kuipangusa ili aikabidhi ikiwa safi. Nyuma yake kulikuwa na kitambaa cha pamba, na kwenye kitambaa kulikuwa na uzi mwekundu, mshono mdogo mdogo ambao angeutambua hata gizani.

*Ndiyo. Jumapili njoo ule kwetu. Mama na mimi tutakunja tortellini.*